Siku ya Maziko, Getini Hapakuwa na Mtu

Kituo cha Watoto Wadogo,
Rau, Moshi.
7 Septemba, 1997.

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwanza, maana sitaki hasira inisahaulishe adabu niliyokufundisha mwenyewe. Hujambo huko Mwanza? Ule mguu uliokuwa unavimba unaendeleaje? Na mkeo Margareta, presha yake imeshuka? Mwanao Lucky je, bado anagoma kuvua viatu wakati wa kulala? Kama nyote mko wazima namshukuru Mungu, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Filemon anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, ambayo mwaka huu imegoma kuondoka. Mlima wenyewe hatujauona siku nyingi, umejifunika mawingu tu. Kule kwetu Kilema kahawa imeanza kuiva na wanunuzi binafsi wameshaanza kupitapita na mizani zao, kila mmoja na bei yake ya kuchekesha. Mimi nina afya, ila silali vizuri, na sababu unaijua. Kama huijui, kaa chini, mwambie Margareta akuletee chai, usome mpaka mwisho. Usiruke mistari.

Barua yako imenifikia. Aliileta Emilian, akaisukuma chini ya mlango akaondoka bila hata kubisha hodi, mtoto wa baba mdogo aliyenyonya ziwa moja na baba yetu! Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili imenichoma vilevile. Unasema ukoo mzima umenikasirikia kwa sababu sikuja kumzika baba yetu mdogo Basili. Unasema nipande Kilema kabla ya Krismasi na isale mkononi, nipige magoti mbele ya wazee. Halafu mwishoni unaandika eti nisipofanya hivyo, wewe kama mwenye nyumba "utafikiria upya" habari ya kituo.

Utafikiria upya! Yesu na Maria! Hivi, Wenseslaus, ulikaa kwenye kiti gani ulipoandika hilo neno? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kutoka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwetu, mpaka kliniki, wewe na surua yako, mama akiwa anachuma kahawa. Hukuwahi kuniponyoka hata siku moja. Leo umeota kitambi na duka la mabati, unanitishia mimi kwa funguo za nyumba.

Na kama Lucky ndiye anayekusomea barua hii kwa sababu miwani umeipoteza tena, mweleze kwanza isale ni nini, maana watoto wenu wa mijini hawajui. Ni lile jani refu la kijani linaloota kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi ya wazee wetu. Ukimkosea mtu ukamfuata nalo mkononi, hawezi kukufukuza, lazima akusikilize akusamehe. Si kitu cha kuchezea. Mwambie hivyo, kisha aendelee kusoma.

Sasa nataka nikukumbushe mambo yalivyoanza, maana naona umesahau, au umeamua kusahau.

Nilipopunguzwa kazini, pamoja na nusu ya wenzangu, sikukaa nyumbani kulia. Nilitazama hapa Rau nikaona akina mama wanatoka alfajiri: huyu anakwenda Kiboriloni kuuza mitumba, yule Himo kutafuta mahindi, wengine viwandani. Watoto wanafungiwa ndani na dada zao wa miaka saba. Nikakwambia nataka kufungua kituo cha kulelea watoto mchana, na wewe ukasema, "Dada, chukua nyumba yangu ya Rau, si inakaa tupu mpaka Krismasi?" Nilikushukuru, na namshukuru Mungu hata leo kwa wema ule. Naomba tu usiutumie sasa kunifunga kamba shingoni.

Nikaenda kwa masista nikasoma kozi ya ulezi, mimi mtu mzima na miwani yangu, nimekaa dawati moja na wasichana wanaotafuna karanga darasani. Ndipo nilipofahamiana na Magdalena, binti wa watu wa Singida ambaye baba yake alikuja huku kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ana mkono wa watoto, yule binti. Nikamwahidi kwamba nikifungua, chumba cha wachanga ni chake.

Afisa ustawi wa jamii naye alikuja, tukakaa sebuleni kwako kwenye yale makochi uliyokataza yasikaliwe. Alinieleza moja baada ya jingine. Wachanga wawe na mlezi wao wa kudumu, asiitwe huku na huku. Wanaotambaa wasichanganywe na wanaokimbia. Anayepika asiwe huyohuyo anayebadilisha nepi. Wote wapimwe afya kabla hawajamshika mtoto yeyote. Lango lisikae bila mtu. Mkuu wa kituo awe mtu anayeonekana kituoni kuanzia mtoto wa kwanza anapofika mpaka wa mwisho anapochukuliwa, si jina la kuandikwa ubaoni. Halafu akaniuliza, "Na asipokuwepo mmoja wenu, nani anashika nafasi yake?" Hilo swali lilinikaa kichwani.

Nikaja nalo Kilema siku ya Krismasi. Unakumbuka? Mbuzi amechinjwa, baba mdogo Basili ameshika kisu, pombe ya mbege inazunguka, na nyama inagawanywa kama inavyogawanywa siku zote: mzee na chake, shangazi na chake, mkwe na chake, hakuna wa kunung'unika. Na palepale, nyama haijaisha kwenye majani ya migomba, nanyi mkakigawanya kituo changu. Nyumba ya kina Emilian ndiyo kubwa, basi Emilian awe mkuu wa kituo. Dada yake Epifania apewe chumba cha wachanga. Mpwa wa baba mdogo, Valerian, akae getini, na mkewe Beatha apike. Mligawanya watoto wa watu kama kidari na mgongo, Wenseslaus, na mikono yenu bado ina mafuta.

Nikasema ninaye Magdalena, amesomea. Ukanijibu, "Wa kwetu wapo, wa nje wa nini? Wa kwetu hawataiba sukari." Kweli, sukari haijaibiwa.

Ndipo nikauliza lile swali. Niliuliza mbele ya wote, kwa sauti, sikunong'ona: "Hawa wote ni wa nyumba moja. Akifa mtu wa nyumba hii, nani atabaki na watoto?" Loo! Kumbe ni kama nimevunja chungu cha kulaani. Shangazi wakapiga makofi ya mshangao, Emilian akaniambia ninawaombea mabaya siku aliyozaliwa Mwokozi, na wewe ukanishika bega ukasema, "Dada, leo Krismasi, acha maneno hayo." Aliyecheka ni mmoja tu, baba mdogo Basili mwenyewe. Alisema, "Mwacheni, mimi bado nina meno ya kula kidari." Watu wakacheka, mbege ikaendelea, na swali langu halikujibiwa.

Basi tukafungua. Emilian jambo la kwanza alilofanya ni kuchongesha mhuri wenye jina lake, vitanda vya watoto bado havijafika. Anaingia saa nne, anazungusha funguo kidoleni, anauliza "Kuna tatizo lolote?" halafu anakwenda kwenye duka lake la spea. Epifania anawapenda sana watoto waliolala. Wakiamka ananiita mimi. Valerian getini anasinzia, lakini ukweli usemwe, hakuna aliyekuwa anapita bila yeye kufumbua jicho moja. Beatha simsemi. Mtori wake wa ndizi watoto wanauramba mpaka sahani inang'aa.

Nilivumilia. Nilikuwa nabeba nusu ya kazi ya kila mmoja wao na sikukuandikia neno, kwa sababu nyumba ni yako na ndugu ni wetu.

Kisha Mungu akamchukua baba mdogo. Apumzike kwa amani. Nililia, usifikiri sikulia. Tulikubaliana wote, na Emilian akiwepo, kwamba maziko ni Alhamisi. Nikasimama getini jioni ile nikamwambia kila mama kwa mdomo wangu: Alhamisi hatufungui, tuna msiba. Wote wakasema pole, wote wakajipanga. Mambo yalikuwa yamekaa sawasawa, Wenseslaus. Yalikuwa yamekaa sawasawa mpaka ulipokuja wewe.

Ukashuka na ndege, ukasema una mzigo wa mabati unaokusubiri Mwanza na ndege ya kurudi ni Alhamisi asubuhi, kwa hiyo mzee azikwe Jumatano. Na wazee wakakubali, maana siku hizi mwenye ndege ndiye mwenye ukoo. Ukapiga simu hapa Rau kutoka Himo, Jumatano hiyohiyo saa tatu asubuhi, akina mama wameshaacha watoto wameshakwenda zao. Emilian akashika simu; siku hiyo yeye na Epifania walikuwa wameteremka mapema kutoka msibani, wamalize kazi ya Jumatano kabla ya maziko. Nilisikia sauti yako mimi niliyesimama mlangoni na mtoto begani: "Fungeni, pandeni wote, hakuna wa kubaki."

Wafunge nini? Wamfungie nani? Nyumba imejaa watoto!

Pikapu ikaja getini. Epifania akamweka mtoto aliyekuwa anamnywesha uji sakafuni, nakwambia sakafuni, akakimbilia kitenge chake cheusi. Beatha akazima jiko, akapanda na aproni yake. Valerian akafungua lango ili pikapu igeuze, kisha naye akarukia nyuma. Nikamshika Emilian shati nikamuuliza, "Na watoto?" Akanijibu, "Wape majirani, dada, baba yangu anazikwa!" Machozi yanamtoka, na mimi nikaachia shati. Ningefanya nini? Alikuwa anakwenda kumzika baba yake.

Hapo ndipo nataka unielewe, maana naona hamnielewi. Simlaumu Emilian kwa kwenda. Simlaumu Epifania, baba ni wake pia. Valerian alikwenda kumzika mjomba wake na Beatha mjomba wa mumewe. Kila mmoja alikuwa na haki yake ya kwenda, na mimi pia nilikuwa nayo. Hasira yangu ni kwamba kituo kizima mlikijaza watu wenye haki moja, ya siku moja, kwenda kaburi moja. Niliwaambia mkaniziba mdomo.

Nikabaki peke yangu. Wachanga wanalia chumbani, mmoja ametapika, mmoja amelowa, wakubwa wamesikia wenzao wanalia nao wakaanza. Nilifunga mlango wa mbele. Nikafikiri lango la nje Valerian amelirudishia, kama anavyofanya siku zote. Nilikuwa nimeshika mtoto mkono huu na nepi mkono huu. Sikupata nafasi ya kutoka kwenda kutazama, na mlango wa jikoni Beatha alikuwa ameuacha wazi katika ile haraka yake.

Given alipita hapo. Unamjua Given? Humjui, hujawahi kuwaona hawa watoto. Ni mtoto wa Gladness, yule mama anayeuza mitumba ya watoto Kiboriloni, mtu wa Iramba, hana mume wala ndugu hapa mjini. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kutembea vizuri, na akiona maji hashikiki. Na nyuma ya uzio wako, Wenseslaus, upo ule mfereji unaopeleka maji kwenye mashamba ya mpunga.

Nilihesabu vichwa nikakuta kimoja hakipo. Nilitazama chini ya vitanda, stoo, chooni. Nikatoka nje nikaliona lango limeachama wazi. Nilipiga kelele, na hiyo kelele nilipiga kwa Kichagga, maana Kiswahili chote kilinitoka. Kwenda mferejini siwezi, nitawaacha hawa. Kubaki siwezi. Nilisimama pale kizingitini na mtoto wa watu begani, nazunguka kama kuku aliyekatwa shingo, na ninakuapia sijawahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia wewe dakika zile. Nimeungama kwa padri, lakini nataka ulijue.

Aliyemwona ni jirani, mama Ebenezeri, amekwenda mferejini kuosha mboga. Alimkuta Given amekaa kwenye tope pembeni, maji yamemfika kifuani, amenasa mguu kwenye mizizi. Hiyo mizizi ndiyo iliyomshika asichukuliwe. Hakuwa analia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Mama Ebenezeri alimleta amemfunika na kanga yake, kiatu kimoja mguuni, na tangu saa hiyo alikaa nami mpaka jioni bila kuuliza kama kuna malipo.

Mtoto alipata nimonia. Amelazwa, amechomwa sindano, amepona. Namshukuru Mungu amepona. Lakini usiku ule wewe ulikuwa Kilema unakula nyama ya msiba, na asubuhi ukapita Himo, ukapita Moshi mjini, ukaenda zako uwanja wa ndege. Habari ulikuwa umeipata, Valerian aliisikia alipokuja jioni ile kuchukua koti lake akaipandisha Kilema. Rau hukufika. Hukuteremka hata kusema "mtoto anaendeleaje?" Mabati yalikuwa yanakusubiri.

Nilimwambia Gladness mimi mwenyewe. Alikuja na furushi lake la nguo kichwani, anacheka, siku hiyo biashara ilikuwa nzuri. Nikamwambia yote, sikuficha. Nilitegemea atanipiga kofi na ningelipokea. Hakunipiga. Aliteremsha furushi taratibu akaniuliza, "Dada Theopista, nani alikuwa getini?"

Nikamjibu, "Hapakuwa na mtu."

Akauliza tena, kana kwamba hakusikia. "Sikuulizi nani alimwacha. Nakuuliza nani alikuwa pale getini." Nikarudia jibu lilelile. Wenseslaus, nimesimama mbele ya mameneja, nimesimama mbele ya mahakama ya mwanzo siku ile ya kesi ya mpaka, sijawahi kuona aibu kama ile.

Na sasa ninyi mnakaa Kilema mnasema nini? Emilian ametangaza kwamba mimi ndiye niliyemtabiria baba yake kifo siku ya Krismasi, kisha nikaona haya kuja kumzika. Epifania anasema nimewathamini watoto wa watu wa kuja kuliko damu yangu. Na wewe msomi wa ukoo, uliyefika kidato cha sita, unayaandika hayo maneno kwenye karatasi na kuweka sahihi! Nilimtabiria! Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii naye ni mganga? Nani asiyejua kwamba watu hufa?

Sasa sikiliza nilichofanya, usije ukakisikia kwa wengine kikiwa kimeongezwa chumvi.

Kufuli la lango nimebadilisha. Emilian nimemrudishia mhuri wake, akautumie kwenye spea. Epifania nimemwambia kwa upole, naapa kwa upole, kwamba kazi hii hakuumbiwa. Magdalena ameshika chumba cha wachanga. Alikuwa amekwenda kufanya kazi za ndani kwa watu, nikamfuata nikamwomba radhi kwa ahadi niliyovunja kwa sababu yenu. Getini yupo mzee mmoja Mpare kutoka Same, mkali kweli, hata mimi ananiuliza ninakwenda wapi. Wanaokimbia nimewaajiria msichana wa Rombo aliyesomea. Beatha amebaki, kwa sababu ya mkono wake na kwa sababu alikuja mwenyewe kulia kwangu habari ya ule mlango wa jikoni. Wa kwetu ni yeye na mimi basi. Na mama Ebenezeri amekubali kuwa mtu wa akiba: yeyote kati yetu akifiwa, akiugua au akijifungua, yeye anaingia.

Umeona? Kila mmoja na kwao. Ikifika siku ya msiba wa mtu, mmoja atakwenda kulia na waliobaki watashika watoto. Nitakapokufa mimi vilevile, nimeshawaambia: msifunge. Chakula cha mchana kitoke kwa saa yake.

Afisa ustawi wa jamii amekuja, amekasirika, na ana haki. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu aje aone kituo kina watu wanaotakiwa. Watu amewaona, ameridhika nao. Kinachobaki ni wewe. Anataka mwenye nyumba aandike kwamba kuajiri na kuachisha kazi ni uamuzi wa mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo ni Theopista, si ukoo. Asipolipata neno hilo kituo kinafungwa, na akina mama hawa wanarudi kuwafungia watoto ndani.

Kwa hiyo andika. Usiitishe kikao cha wazee, usimpigie Emilian simu, andika. Na kama unataka kufikiria upya kama ulivyosema, fikiria haraka, maana paroko ameshaniambia ukumbi wa parokia uko wazi siku za kazi. Nitabeba vitanda vyangu na masufuria yangu, na wewe utabaki na nyumba yako nzuri yenye makochi yasiyokaliwa, popo waifaidi mpaka Desemba.

Usidhani sikumzika baba mdogo. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, mimi na Filemon tulipanda Kilema. Hatukupita kwa mtu. Nilikaa kaburini kwake, nikamwekea udongo wangu kwa mkono, nikamwambia kwa Kichagga kilichonizuia kuja. Nilimkumbusha habari ya meno na kidari. Nililia, halafu nikacheka peke yangu kama kichaa, Filemon amegeukia migombani anajifanya anatazama mikungu. Nadhani mzee alinielewa kuliko ninyi mlio hai.

Na isale nilichuma. Lile ua la isale linalotenga kihamba chake na cha baba yetu bado limestawi. Nilikata majani mawili. Nilipotoka pale nilikuwa najua yanakwenda wapi, na hayakuwa yanakwenda kwa wazee.

La kwanza nililipeleka kwa Gladness, kwenye chumba chake cha kupanga. Hakujua ni kitu gani, kwao hakuna. Nikamweleza. Nikapiga magoti, Wenseslaus, mbele ya mama muuza mitumba, na magoti yangu unayajua yalivyo. Alilipokea kwa mikono miwili akaliweka juu ya redio. Given alikuwa kitandani anajaribu kulivuta. Nikamwambia Gladness hana deni la kumrudisha mtoto kwetu. Akanijibu atakuja kwanza kutazama lango. Amekuja siku tatu mfululizo, anasimama ng'ambo ya barabara na furushi kichwani, anamtazama yule mzee Mpare, kisha anaondoka. Siku ya nne alikuja na mtoto.

Nimemaliza kusema, na moyo umepungua moto kidogo. Msalimie sana Margareta, mwambie dawa ya presha asiiache hata akijisikia nafuu. Mbusu Lucky kwa niaba yangu, mwambie shangazi yake anamwekea ndizi mbivu. Filemon anakusalimu, anasema nimekuandikia kwa ukali mno, lakini bahasha ameiandika yeye na stempu amenunua yeye. Beatha anakusalimu. Mama Ebenezeri naye, ambaye humfahamu, anakusalimu.

Hilo jani lililokunjwa humu ndani ndilo la pili. Usilisogeze pembeni ukafikiri nimekutii, na usifikiri nakuomba wewe msamaha. Nimekuchumia wewe. Lipeleke kwa Gladness kwa mkono wako mwenyewe kabla halijakauka, maana aliuliza nani alikuwa getini, na wewe ndiye uliyemwondoa.

Mungu akulinde njiani ukija, akupe ujasiri wa kupiga magoti, na akurudishe salama kwa mkeo na mwanao.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba na sijachoka kukupenda hata leo ninapotamani kukuchapa,

Theopista